Mtu Aliyemlisha Twiga

Jumatatu, 6 Oktoba

Chai, dawa ya presha, mkate wa jana. Maji yamekuja saa kumi na mbili. Nimejaza mitungi yote mitatu kabla Mama Kevo wa mlango wa pili hajaweka mpira wake bombani. Akiuweka huo mpira, plot nzima inabaki kumwangalia. Watoto wa tuisheni wanakuja saa tisa. Bado tuko kwa hesabu za sehemu. Hakuna anayezielewa, na hakuna anayeona haya.

Saa nne simu ikalia. Akinyi. Siku hizi ni mwalimu mkuu wa shule yetu ya zamani, ile ya Kibera, iliyo kati ya Makina na Silanga. Nilimfundisha darasa la nne, alikuwa anakula chaki. Anataka niende nikaufanye upya ukuta wa historia kabla shule hazijafungwa. Rangi imeambuka, wazazi watakuja. Nimemwambia nimestaafu. Akasema ukuta haujastaafu. Mtoto mjeuri, nimempenda.

Halafu akasema, hivi hivi tu, kwamba Mwalimu Hawa haoni tena. Sukari imemaliza macho yote mawili. Nikasema pole. Sijui nilikuwa nampa nani hiyo pole.


Jumanne, 7 Oktoba

Siendi.


Jumatano, 8 Oktoba

Tabaga ya Hawa bado iko ukutani, juu ya kitanda. Kile kifuniko cha chakula wanachosuka Wanubi wa Makina, duara pana, nyekundu na kijani na zambarau. Leo nimeishusha nikaipangusa vumbi. Kwenye ukingo kuna mahali paliungua, jiko liliila siku moja staff room.

Imekaa kwangu miaka kumi na moja. Si kwamba niliiiba. Ijumaa ile Hawa alileta gurusa, ile mikate yao laini, akaifunika na tabaga, nikabeba iliyobaki hadi nyumbani. Jumatatu yake tukakosana. Sasa ungeirudisha vipi? Kwao Makina na kwetu Machakos hili ni moja: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikiirudisha tupu, ni matusi. Nikiirudisha na kitu, nimeomba msamaha. Kuomba msamaha sikutaka. Basi ikakaa.

Nimeirudisha ukutani.


Alhamisi, 9 Oktoba

Sijalala vizuri, nimeota staff room. Harufu ya mafuta ya taa, chaki, na viatu vya mvua. Meza yetu ilikuwa ya dirishani, mguu mmoja mfupi, tuliuwekea kitabu cha jiografia cha zamani. Ijumaa ikiwa zamu yangu nilileta muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na zamu yake gurusa. Alikuwa ananiambia Mkamba ukimpa mahindi na mchi hatauliza habari ya mbinguni. Nami nikamwambia Mnubi ukimnyang'anya viungo vya chai atafungua kesi. Tulicheka hadi mwalimu mkuu akagonga ukuta. Miaka ishirini na sita! Nimezika mume na bado Hawa ndiye niliyecheka naye zaidi.

Ukuta ulikuwa wazo lake. Alisema historia ya watoto hawa inaanza siku Wareno walipofika Mombasa, kama kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumelala. Alitaka mwaka ambao sisi ndio tulioenda. Akaupata katika kitabu kimoja kisicho na jalada: 1415. Mwaka huo twiga kutoka Malindi alifika Uchina, zawadi kwa mfalme wao. Wachina wakamwona ni mnyama wa baraka. Hawa alinisomea hiyo sentensi mara tatu akiwa amesimama.

Tukauchora mwaka mzima kwa rangi ya mafuta, safu tatu. Matukio. Waliozaliwa. Waliofariki. Kila darasa la saba likaja kusoma pale. Mtoto wa Silanga akitoka shule yetu alikuwa anajua 1415 kuliko mwaka aliozaliwa mamake.


Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeenda. Nilijiambia naenda kuangalia tu.

Nimetembea hadi Ngong Road, nikapanda matatu, nikashukia Toi, halafu mguu mpaka shuleni. Magoti yamelalamika njia nzima. Makina haijanisahau. Mwenye duka la vitambaa ameniita "Ticha!" kutoka ng'ambo ya barabara, mtu mzima mwenye mvi. Nilimchapa huyo kwa kuchelewa.

Ukuta uko. Twiga amepoteza sikio moja na nusu ya mkia. Nimesoma kila mstari nikiwa nimesimama juani. Malkia wa Ureno alikufa kwa tauni mwezi wa saba, na wanawe wakapanda merikebu kwenda kuuteka mji wa Sebta kabla matanga hayajapoa. Padri wa Bohemia akachomwa moto kwa kukataa kumeza maneno yake. Waingereza na Wafaransa wakauana kwenye matope, mwezi wa kumi kama huu. Kule Austria akazaliwa mtoto aliyekuja kuwa mfalme wa Wajerumani.

Na chini kabisa ya Waliofariki, kiraka cheupe. Urefu wa mkono wangu. Rangi yake imekuwa ya maziwa yaliyoharibika, lakini kingo bado zimenyooka, maana niliipaka kwa rula. Akinyi aliniuliza hapo palikuwa na nini. Nikamwambia sikumbuki. Mwanamke wa miaka sitini na tano, nasema uongo mbele ya twiga.


Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya mwana mpotevu. Tena. Nimeondoka kabla ya matangazo.

Niandike basi. Hakuna wa kusoma hapa ila mimi.

Mstari ulio chini ya kiraka ulikuwa wa Hawa. Mwaka wangu wa kwanza kama naibu wa mwalimu mkuu, baada ya miaka mingi ya ukuta, siku moja alichukua brashi akaongeza chini ya Waliofariki: "Na mtu aliyemlisha twiga njiani. Jina lake halikuandikwa." Nikamuuliza umemtoa kitabu gani huyu. Akasema twiga hajilishi. Miezi na miezi baharini, kuna mtu alimkatia majani, akamshika shingo mawimbi yakipanda, na mtu huyo alikuwa na mama. Nikasema hatuwezi kubuni watu. Akacheka. Alidhani natania.

Kisha wageni wakaja, wale wa kutujengea madarasa mawili. Niliogopa watauliza ushahidi. Niliogopa kuonekana mjinga, huo ndio ukweli. Jumapili mchana nikaja peke yangu na kopo la rangi nyeupe nikaufunika mstari. Sikumwambia. Jumatatu asubuhi akaukuta hivyo, watoto wakiwa nyuma yake.

Aliniuliza kwa nini, kwa sauti ya chini sana. Nikamjibu mbele ya darasa zima. "Historia ni ya walioandikwa, Mwalimu Hawa."

Akaweka chaki mezani. Akachukua mkoba wake. Muhula huo huo akaomba kustaafu mapema, na hajanisemesha tena. Tulipokutana kwa mazishi ya mwalimu mkuu wa zamani alinipita kama nguzo ya stima. Nikasema moyoni, haya, na mimi nina kiburi changu. Nilikuwa nacho kweli, tena kingi.


Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimeenda kwake. Sikubeba kitu. Nilifikiri nitajua la kusema nikifika.

Mlangoni nikampata Zuhura, bintiye. Mara ya mwisho nilimwona akiwa na sare ya sekondari, sasa ana watoto watatu. Ameniamkia vizuri, ameniita Mama, lakini amesimama katikati ya mlango. Akasema mama amelala. Nikasikia redio ndani, halafu nikasikia mtu akiizima. Tulitazamana mimi na Zuhura.

Alinisindikiza hadi msikitini. Hapo ndipo akaniambia. Mguu wa kushoto umeoza hadi kifundoni. Jumanne ijayo wanaukata. Daktari amesema moyo wake ni dhaifu na hawezi kuahidi kitu. Zuhura analia bila kutoa sauti, mamake alikuwa hivyo hivyo.

Siku sita.


Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekasirika leo. Na Hawa kwa kuzima redio. Na mimi kwa kwenda mikono mitupu kama mdai. Na watoto wa tuisheni kwa kuzaliwa. Mmoja ameona mezani karatasi niliyochorea twiga akaniuliza, "Shosh, kwani twiga alienda Chaina na nini?" Nikasema meli. Akauliza nani alikuwa anampea food.

Nimewafungulia mapema waende nyumbani.


Ijumaa, 17 Oktoba

Nimenunua mahindi yaliyokobolewa kwa mama wa Kitui pale Gatina, na maharagwe, na mbaazi kidogo. Nimeroweka yote. Tabaga nimeishusha.


Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepika tangu alfajiri, makaa gunia robo. Muthokoi haupikwi kwa haraka, ukiuharakisha unabaki kokoto. Nimeweka kwenye sufuria ndogo yenye mikono, nikaifunika na tabaga, nikaifunga kwa leso. Mama Kevo ameniuliza naenda kuposa wapi. Nikamwambia Makina.

Zuhura aliona tabaga akahama mlangoni.

Hawa alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto, umefungwa. Amekonda. Mikono ni ile ile. Nilisahau yote niliyopanga, nikaweka mzigo mapajani mwake kama mtoto anayepeleka daftari. Akafungua leso. Vidole vikaenda kwenye tabaga, vikazunguka ukingo polepole, vikafika pale palipoungua. Vikasimama.

Akanusa. Akasema kumbe si tupu.

Zuhura akaleta sahani. Tulikula. Hawa alitafuna kama anayesahihisha mtihani. Baadaye akasema muthokoi umeiva. Umechelewa, lakini umeiva. Nikashindwa kujua tunaongea juu ya nini.

Kisha akaniambia nimsomee mwaka wetu. Nikausema wote kwa kichwa, safu kwa safu, Sebta na tauni na matope na yule mtoto wa Ujerumani, na twiga nikamweka mwisho kwa heshima yake. Nikamaliza. Akangoja. Redio ilikuwa imezimwa, nikasikia watoto wanapiga mpira nje.

"Umeruka mtu," akasema.

Nikasema si leo, nilimruka siku ile. Nikamwomba anisamehe. Nililisema neno lenyewe, waziwazi, na Zuhura akiwa pale na sahani mkononi. Halikuniua.

Hawa akaanza kunieleza habari za babu yake. Farajala. Mnubi wa hapa hapa Kibera, babake aliletwa na Mwingereza kutoka Sudan akiwa askari. Farajala naye akapewa bunduki, akaenda vita vya kwanza akarudi, akapelekwa vya pili, mbali, misitu ya Burma. Kazi yake ilikuwa kulisha nyumbu wa kubeba mizigo. Hakurudi. Hakuna barua. Hakuna kaburi. Nyanya yake Hawa alikuwa anapika chakula chake kila Ijumaa na kukifunika, miaka yote, mpaka naye akaenda. Tabaga hiyo hiyo. Ndiyo iliyokuwa ukutani kwangu.

Nikasema hukuniambia. "Hukuniuliza, Ndunge," akasema. "Miaka ishirini na sita, hukuniuliza."

Ni kweli. Nilijua sukari anaweka vijiko vingapi. Nilijua anaogopa paka. Sikuwahi kumuuliza watu wake walifika hapa vipi na walikwenda wapi. Nilikuwa nafundisha historia.

Nilipoinuka, nikauliza kama amenisamehe. Niliuliza kama mtoto. Akasema tungoje kwanza mguu ukatwe, akitoka thieta tutaongea. Nikasema na usipotoka? Akasema, basi utakuwa na kazi ya kujijibu mwenyewe.

Ameizuia tabaga kwake.


Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Redio inataja majina tangu asubuhi. Nimesikiliza yote nikiwa nachambua mchele. Farajala hayupo. Sikutegemea awe, lakini nimesikiliza hadi mwisho.

Jana na leo nimekuwa nafikiria vidole vyake kwenye ule ukingo ulioungua. Nikirudisha mstari wa Hawa kwa rangi, utakuwa wa kila mtu ila Hawa. Yeye hawezi kuuona. Anahitaji kitu kinachoshikika.

Jioni nimeenda kwa Mutiso, fundi wa mawe, Mkamba mwenzangu wa Kitui anayekaa huku nyuma ya soko. Nimemuuliza kama anaweza kuandika kwa simiti, herufi ziinuke. Akasema anaweza kuandika hata Zaburi. Ila simiti haishiki juu ya rangi ya mafuta. Itabidi tukwangue mpaka plasta. Kesho.


Jumanne, 21 Oktoba

Wanamkata saa nne. Zuhura ameahidi kutuma ujumbe.

Mvua imeanza. Silanga yote ni tope mpaka kwenye mashamba ya sukumawiki kando ya bwawa, wauza makaa wamefunika magunia. Ukuta una kibaraza, tumefanya kazi. Mutiso alinipa kisu cha kukwangulia akasema Mwalimu, wewe anza hapo peupe, mimi nachanganya.

Nilikuwa nimepaka vibaya. Haraka ya mwizi. Sikusugua ukuta kwanza, vumbi la chaki lilikuwa juu, kwa hivyo rangi yangu haikuwahi kushika. Kisu kilipoingia chini yake ikatoka yote kipande kimoja, kama ganda la yai lililochemshwa.

Chini yake mwandiko wa Hawa. Mzima. Ile "g" yake yenye mkia mrefu, ile "j" inayolala. Na mtu aliyemlisha twiga njiani. Jina lake halikuandikwa. Bluu ile ile, imekaa gizani miaka kumi na moja, haijapauka hata kidogo.

Nimelia. Mutiso amejifanya anatafuta maji.

Tumekubaliana hivi: asiandike herufi zake. Ainue zile za Hawa, achimbe kila mstari kwa ncha ya msumari ili simiti ishike, halafu aufuate mwandiko wenyewe, mkia kwa mkia. Akasema kazi hiyo ni ya siku nne. Akasema nimletee muthokoi, basi.

Saa kumi. Hakuna ujumbe.

Saa mbili usiku. Hakuna.


Jumatano, 22 Oktoba

Hakuna. Simu ya Zuhura imezimwa.


Alhamisi, 23 Oktoba

Simu bado imezimwa. Nimepanga kwenda Makina mwenyewe, nikavaa viatu, nikavua. Nikikuta watu wameketi nje kwenye mkeka nitajua. Sitaki kujua. Nimegundua leo kwamba mimi ni mwoga, na kwamba Hawa alilijua hilo zamani.

Akina mama wa kanisa walikuja kuniuliza kwa nini sikukaa kwa matangazo. Nimewapa chai wakaenda.


Ijumaa, 24 Oktoba

Saa moja asubuhi, ujumbe. Nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Mama ametoka thieta Jumanne alikuwa kwa mashine lakini leo ameamka. Simu iliisha moto. Ameomba uji. Amesema nikuambie wanubi hawafi kwa njaa ya wakamba."

Nimekaa kwenye mtungi wa maji. Mama Kevo, tumbo mbele, akaja kuuliza kama nimeanguka. Nikamwambia aweke mpira wake, atumie maji yote anayotaka. Ameogopa.


Jumanne, 28 Oktoba

Mutiso amemaliza. Herufi zimesimama, simiti ya kijivu juu ya bluu, unaona bluu kidogo pembeni. Nimefumba macho nikapitisha kidole. Nimesoma hadi "twiga". Yule fundi ana mkono.

Nimeanza kumpaka twiga sikio. Watoto wa darasa la sita wamenipea ushauri mwingi ambao sikuomba. Msichana mmoja akasema mtu wa twiga lazima alikuwa na harufu ya mnyama, mpaka mamake angemkataa. Zamani ningemwambia aketi. Nimemuuliza anadhani alivaa nini. Tukachelewa kengele.


Jumamosi, 15 Novemba

Shule zimefungwa, uwanja mtupu, kuku wa jirani tu. Akinyi alitufungulia geti. Zuhura na mumewe walimleta Hawa kwa kiti cha magurudumu, kutoka Makina mpaka pale, wakikibeba kwenye mitaro. Amevaa gurbaba, ile nguo yao kubwa, ya manjano. Amekuwa mwepesi sana. Lakini mdomo wote umebaki. Aliuliza mara mbili kama kuna mtu amemlisha Ndunge, mbona anapumua kwa nguvu.

Nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimemwambia tu ukuta umeisha.

Nikaushika mkono wake. Nikauweka kwanza kwenye twiga, akakunja uso, rangi haimwambii kitu. Nikaushusha hadi chini ya Waliofariki. Kidole kikagusa ile "N" ya kwanza. Kikaenda. Pole pole, kikirudi, kikipanda. Kikafika kwenye mkia wa "g" na kuufuata hadi mwisho wake, chini kabisa. Zuhura alitaka kusema kitu nikamnyamazisha kwa mkono.

"Huu ni mwandiko wangu," Hawa akasema.

Nikamwambia ndio. Nikamwambia vile ulivyotoka chini ya rangi yangu.

Akarudi mwanzo akausoma tena, wote. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa. Halafu akasema, si kwangu, kwa ukuta, "Kumbe hukufuta. Ulifunika tu."

Akaomba wamwache pale kidogo. Sote tukasogea. Nilimwona kwa mbali anaongea, midomo inatembea, mkono umelala juu ya simiti. Nadhani alikuwa na Farajala. Sikuuliza. La, kesho nitauliza.

Juu ya kusamehe hakusema lolote. Nami sikumkumbusha.


Jumatano, 19 Novemba

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Dawa ya presha nimemeza. Mitungi miwili tu imejaa, nimemwachia Mama Kevo mmoja.

Saa tano mtu amebisha. Mume wa Zuhura, ametoka Makina kwa miguu, ana kitu amekifunga kwa leso yangu. Hakuketi. Akasema mama amesema ukile kikiwa moto.

Tabaga. Chini yake gurusa sita, bado zinatoa mvuke, na mchuzi kwenye bakuli la plastiki. Zimepikwa na mtu asiyeona: mbili zimeungua upande mmoja, moja haina umbo. Nimekula zilizoungua kwanza. Nimekula zote.

Nimeosha bakuli. Nimeipangusa tabaga. Kuitundika ukutani sijaitundika, imekaa mezani. Mahindi yamerowekwa ndani ya sufuria, Ijumaa si mbali.

Nimalizie mwaka kabla haujaisha, kwa safu zetu.

Matukio: Tabaga imerudi, si tupu.

Waliozaliwa: Kitoto cha Mama Kevo, msichana, jana.

Waliofariki: Mimi na Hawa bado.